Fahamu ugumu wa kuunda injini bapa ya silinda nane

KATIKA magari mengi, silinda za injini husimama katika mstari mmoja au hupangwa pande mbili kwa umbo la herufi V. Injini bapa ni tofauti. Silinda zake hulala, nusu upande wa kulia na nusu upande wa kushoto. Pistoni mbili zinazokabiliana hutoka nje kwa pamoja na kurudi ndani kwa pamoja, mithili ya ngumi za mabondia, ndiyo maana injini hizo huitwa boksa.

Mpangilio huo huushusha uzito wa gari karibu na ardhi na kupunguza mtikisiko. Wenye magari ya Subaru na Volkswagen Beetle wanaufahamu kwa silinda nne, na wenye Porsche 911 kwa silinda sita. Injini bapa ya silinda nane ni adimu, na baadhi ya mafundi wa magari ya zamani ya michezo hujaribu kuiunda wenyewe.

Kinachowavutia ni hesabu. Injini ya 911 yenye ujazo wa lita 3.6 ina silinda sita za takriban sentimita za ujazo 600 kila moja. Zikiongezwa mbili za kipimo kilekile, injini hufikia lita 4.8.

Ugumu upo wapi

Hata hivyo, kazi hiyo si ya kuunga silinda mbili tu. Kila silinda huchoma mafuta mara moja katika mizunguko miwili ya krenkishafti. Kwa silinda sita, milipuko hufuatana kila baada ya nyuzi 120. Kwa silinda nane ni kila baada ya nyuzi 90. Kwa sababu hiyo, krenkishafti ya silinda sita haiwezi kurefushwa. Ni lazima ichongwe nyingine kutoka katika pande zima la chuma, nayo kwa kuwa ni ndefu zaidi, hujisokota zaidi injini inapozunguka kwa kasi.

Vilevile, kamshafti za 911 zimechongwa kwa ajili ya silinda tatu kila upande, hivyo hutakiwa mpya. Mfumo wa kuwasha moto hubadilishwa, na feni iliyopozesha silinda sita hulazimika kupeleka hewa ya kutosha hadi kwa silinda za mwisho. Boma la injini nalo huundwa upya, au mafundi hukata maboma mawili na kuyaunganisha kwa kuchomelea. Likipinda hata kidogo, beringi za krenkishafti hazitakaa katika mstari, na injini itajiua yenyewe.

Aidha, katika injini ya 911 umbali wa kutoka kitovu cha silinda moja hadi cha nyingine ni milimita 118. Injini hurefuka kwa kiasi hicho, na kwa kuwa imekaa nyuma ya magurudumu ya nyuma, mkia wa gari huzidi kuwa mzito.

Uzoefu wa Porsche

Kampuni ya Porsche ya Ujerumani iliyapitia magumu hayo. Mwaka 1962 iliingia katika mashindano ya Formula One na injini bapa ya silinda nane ya lita 1.5, yenye nguvu za farasi takriban 180. Julai 8 mwaka huo, dereva Mmarekani Dan Gurney aliitumia kushinda mbio za Ufaransa mjini Rouen. Kuiunganisha injini moja kulichukua takriban saa 220, kwa kuwa kamshafti ziliendeshwa kwa mitaimbo na gia nyingi zilizohitaji kupangwa kwa usahihi mkubwa.

Mwaka 1968 kampuni hiyo ilileta injini nyingine kwa ajili ya gari la mashindano la 908. Hiyo ilikuwa ya lita 3 na nguvu za farasi takriban 350, na kamshafti zake ziliendeshwa kwa minyororo. Hata hiyo ilianza kwa kusumbuliwa na mtikisiko, na wahandisi wakalazimika kubadili krenkishafti.

Mwaka 1969 injini ya 908 iliwekwa katika Porsche 914, gari dogo ambalo injini yake hukaa katikati. Yaliundwa mawili tu. La kwanza, la rangi ya chungwa, lilikuwa la mhandisi Ferdinand Piëch. La pili, la rangi ya fedha, lilikuwa zawadi ya Ferry Porsche alipotimiza umri wa miaka 60. Injini yake ilifungwa kabureta na kupunguzwa hadi nguvu za farasi takriban 260 ili ifae kwa safari za kawaida. Gari hilo halikuingizwa sokoni.

Hilo ni fundisho kwa fundi anayetamani kazi hii. Porsche ilikuwa na michoro, karakana na injini zilizokwisha kujaribiwa mashindanoni, lakini iliishia kwenye magari mawili. Anayekata injini halisi ya gari la zamani huharibu kitu ambacho hakitarudi, na gari likishatengana na injini yenye namba yake ya asili, thamani yake hushuka. Jambo la busara ni kuihifadhi injini hiyo kama ilivyo, kisha kuunda mpya kwa vipuri vingine. Jaribio likishindikana, gari litabaki na moyo wake.