Stesheni ya Namasagali

Mimi ni mwanafunzi kutoka wilaya ya Kamuli, mashariki mwa Uganda. Katika insha hii nitaeleza historia ya stesheni ya Namasagali, kijiji kilicho kando ya Mto Nile. Siku hizi hakuna garimoshi linalofika huko, lakini babu yangu alipokuwa kijana alikuwa mchukuzi pale, akibeba marobota ya pamba.

Stesheni hii ilizaliwa na maporomoko ya maji. Kutoka Jinja kwenda kaskazini, mto una mawe mengi na meli haziwezi kupita. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijenga Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912, kutoka Jinja hadi Namasagali, ambako mto umetulia. Meli zilileta pamba kutoka sehemu zinazozunguka Ziwa Kyoga, na wachukuzi wakaipakia kwenye mabehewa. Ilipofika Jinja, ilivushwa Ziwa Viktoria mpaka Kisumu, kisha ikasafiri kwa reli hadi Mombasa.

Kwetu watu husema kwamba stesheni iliuawa na mafuriko. Ni kweli kwamba mvua kubwa za 1961 na 1962 ziliinua maji ya ziwa na mto, na kazi ya bandari ikaisha. Lakini mimi naona ugonjwa ulianza mapema. Mwaka 1929 reli kutoka Tororo ilifika Soroti, na pamba ya Teso ikapata njia isiyopita ziwani. Mahali palipoishi kwa kuhamisha mizigo hapawezi kudumu mizigo ikipata njia nyingine. Mafuriko yalimalizia tu.

Hata hivyo, majengo ya reli hayakuachwa bure. Mwaka 1965 ilianzishwa shule ya sekondari, ambayo ilikuja kujulikana kote Uganda kwa jina la Namasagali College. Sasa pana pia tawi la Chuo Kikuu cha Busitema.

Nilipoanza kujifunza Kiswahili, nilikwenda kwa babu nikamwambia, "Shikamoo, babu." Alicheka, akasema hiyo hakufundishwa. Kiswahili alichojifunza stesheni kilikuwa cha amri: beba, weka, upesi, rudi. Miaka yote ile hakuna aliyemwuliza kwa lugha hiyo kama amechoka.

Basi nikamwuliza mimi: "Babu, kazi ilikuwaje?"

Akafikiri kidogo, akajibu kwa Kiswahili, "Nzito."

Mengine alinisimulia kwa Lusoga mpaka jioni. Ndiyo sababu nimeiandika historia hii kwa Kiswahili, ili lugha iliyomwamuru babu yangu kubeba imtaje pia kama mtu aliyejenga nchi.