VILIMA VYETU NA UDONGO WAKE

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, wengi watatazamia habari za marobota na bei. Sisi tumeona heri tuanze na nchi yenyewe, maana ilikuwako kabla ya mizani.

Buseresere haina milima mirefu kama ya Uluguru. Lakini nchi yetu yote ni ya juu. Hata maji ya Ziwa Victoria yako meta 1,134 hivi juu ya bahari, na vilima vyetu huanzia hapo kupanda. Mawe ya vilima vya Geita yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, na humo ndimo ilimo dhahabu. Yale ya chuma, yenye milia, hayaliwi upesi na mvua. Kwa hiyo yamebaki yamesimama hali nchi ya kando imekuwa tambarare.

Mkulima hukijua kilima kwa jembe. Juu, karibu na mawe, ni mchanga ambao Wasukuma huuita luseni, mwepesi kulimika, ufaao muhogo na pamba. Chini yake ni itogolo, ambayo wakati wa kiangazi huwa ngumu kama sakafu. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi ushikao maji, mahali pa mpunga.

Zamani miyombo ilifunika Uzinza, na mbung'o wakaua ng'ombe. Tangu 1947 serikali ya kikoloni, katika mpango wake wa Usukuma, ilihimiza kufyeka mapori, na watu wengi wakahamia Geita. Pamba ikafuata, kisha ushirika: mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Ziwa viliungana katika Shirikisho la Victoria.

Lakini shoka lililofukuza mbung'o halikujua pa kukoma. Kilima kikikosa miti, mvua huchukua luseni na kuimwaga juu ya mpunga. Wa juu amepoteza, wa chini amepoteza, nao hulaumiana mkutanoni (tumewasikia). Matuta ya mkoloni yalichukiwa, na kwa haki, kwa kuwa yalikuja pamoja na faini. Ila tuta lenyewe kazi yake ilikuwa ya kweli. Wenzetu wa Shinyanga, tangu 1986, wamerudisha miti mingi kwa kufunga ngitili.

Twaomba basi mkutano mkuu ujao uamue ni kilima kipi kifungwe kwanza, na wenye mashamba ya juu wafidiwe nini.