Sauti za Wazee katika Utepe

Mnamo mwaka 1928 Mjerumani Fritz Pfleumer alipaka unga wa chuma juu ya utepe wa karatasi, nao ukanasa sauti. Kabla ya hapo maneno ya wazee mkutanoni yalihifadhiwa kwa kalamu ya katibu, naye huandika alilolifahamu tu. Mwaka 1963 kaseti ilionyeshwa Berlin, utepe ukawa wa kutiwa mfukoni; mikutano ikanaswa hata na vikohozi vyake. Lakini amana hiyo ni dhaifu. Kafutuma, penye unyevu wa Ziwa Mweru, utepe huota ukungu, na sumaku hufuta maneno. Ukichezwa kwa haraka, sauti ya marehemu hugeuka ya mtoto. Wanenaji wengi wamekwisha kufariki, wala hawaulizwi tena. Basi usikilizwe polepole, uandikwe mbele ya waliokuwapo, kisha urudishwe mahali pakavu.