Kupima maji kabla ya kuzamia: historia ya Ziwa Victoria

Uzamiaji wa mitungi katika Ziwa Victoria unakumbukwa zaidi kwa meli ya MV Bukoba, iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Kwa muda iliendelea kuelea, tumbo juu. Tundu likatobolewa ili kuwafikia waliokuwa hai ndani. Hewa iliyoibeba ikatoka, meli ikazama. Hali haikuwa imepimwa vya kutosha. Wazamiaji, wakiwemo wa jeshi la majini la Afrika Kusini, walibaki na kazi ya kuopoa miili.

Ziwa hilo lina masharti yake. Uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Majedwali ya kuzamia, yanayotokana na kazi ya John Scott Haldane ya mwaka 1908, yalipigiwa hesabu ya usawa wa bahari. Ziwani muda wa kukaa chini hupunguzwa, la sivyo naitrojeni hutoa mapovu mwilini mzamiaji anapopanda.

Kisha hupimwa uangavu wa maji. Mto Kagera, unaokutana na mto Ruvubu huko Rusumo, wilaya ya Ngara, hufika ziwani na tope la milimani. Gugu maji, lililoenea miaka ya 1990, huziba mwanga na kunasa vifaa. Upepo hupimwa pia, kwani dhoruba za ziwani huzuka ghafla. Mzamiaji asiyeona mkono wake mwenyewe hana budi kuahirisha.