Samaki wa Birika

Mwambie jirani wako Nairobi kwamba unataka kuchimba kidimbwi nyuma ya nyumba, na jibu la kwanza litakuwa: na mbu je? Ana haki ya kuuliza. Ila watu wa Lamu walishalijibu swali hilo karne ya 18, tena chooni.

Kwenye nyumba za mawe za Lamu, choo kilikuwa na birika, yaani tangi la mawe na chokaa lililojazwa maji ya kisima. Humo walifugwa samaki wadogo, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, fundi alipachika bakuli la kaure kutoka Uchina. Unaweza kudhani ni pambo tu (na kaure ilikuwa ya kujionyesha, tusidanganyane), lakini maji yakiisha, bakuli lilibaki limejaa, na samaki walikaa humo hadi birika lijazwe tena. Kwangu mimi, bakuli hilo lashinda milango yote ya nakshi tunayoipiga picha Lamu. Kuna mtu aliwaza siku mbaya ya samaki.

Na kisima kilipata wapi maji? Mvua hunyesha juu ya matuta ya mchanga ya Shela, inazama polepole, kisha inaelea chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Ukichota kupita kiasi, chumvi inapanda. Mombasa nako kulikuwa na majabia ya kuwekea maji ya mvua. Fort Jesus lipo moja mpaka leo.

Nairobi nayo ilikuwa na mpango wake. Reli ilipofika mwaka 1899 ilikuta kinamasi cha mafunjo, mahali Wamaasai walipopaita kwa maji yake baridi. Kinamasi kilipokea mvua na kuiachilia taratibu, huku kikilisha vyura na ndege. Tukakikausha, tukajenga. Siku hizi kila ploti ni kabro hadi ukutani, na mvua ya saa moja haina pa kuzama. Inakimbilia bondeni. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoua watu Mathare, waliozama si wenye kabro.

Kwa hivyo, kama una kauwanja hata kadogo, elekeza gata la paa kwenye kidimbwi. Upande mmoja uwe na mteremko wa mawe, ili chura apande na ndege aoge bila kuzama. Maji yakifurika, yamwagikie kwenye shimo la mchanga na mafunjo, si barabarani. Weka samaki wadogo wa kienyeji, ila ujue hawatofautishi kiluwiluwi cha mbu na cha chura. Acha pembe yenye majani mengi na maji haba, wasipofika. Na kona moja ichimbe zaidi, kama lile bakuli. Jua la Januari na Februari likikausha kila kitu, samaki watakaa hapo hadi mvua za Machi.