Saa Ishirini na Mbili za Meli ya Beagle

Kila siku saa tatu asubuhi, katika chumba kidogo cha meli ya Beagle, ilikuwa zamu ya ufunguo. Mwenye kazi alikuwa George James Stebbing, mtoto wa mtengeneza vifaa vya ubaharia wa Portsmouth, na mbele yake zilikuwapo kronomita 22, yaani saa za baharini za usahihi mkubwa. Alizitia ufunguo zilizohitaji, na jua lilipofika utosini akazilinganisha moja baada ya nyingine na kuandika tofauti zake. Kazi hiyo ilianza meli ilipong'oa nanga Plymouth mnamo Desemba 1831, ikaendelea hadi iliporudi Uingereza Oktoba 1836. Ulimwengu unaikumbuka Beagle kwa sababu ya abiria wake kijana, Charles Darwin. Lakini serikali ya Uingereza iliituma meli ile kupima pwani na kuchora ramani, na kazi hiyo ilizitegemea saa zile.

Kujua umbali kutoka ikweta hakukuwa shida kubwa. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa kamali, kibao chenye uzi wa mafundo, karne nyingi kabla ya hapo. Shida ilikuwa longitudo, yaani umbali wa kwenda mashariki au magharibi, kwa sababu dunia inazunguka na nyota hazitulii mahali pamoja. Jawabu lake lilikuwa saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani uzi mmoja kila dakika nne. Jua likiwa utosini Unguja, kwa wastani Greenwich huwa ni saa tatu na dakika 23 asubuhi. Tofauti hiyo ya saa mbili na dakika 37 ndiyo inayoiweka Unguja kwenye nyuzi 39 na kidogo mashariki ya Greenwich. Basi nahodha akiwa na saa isiyosahau wakati wa Greenwich, anajua alipo.

Ila saa ikikosea sekunde nne tu, kwenye ikweta hesabu ya mahali pa meli imekosea kwa maili moja ya bahari. Maili chache zatosha kuipandisha meli mwambani usiku.

Mwaka 1714 bunge la Uingereza lilitangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayetegua kitendawili hicho. Seremala John Harrison aliifanyia kazi sehemu kubwa ya maisha yake, na saa yake ya nne ilipopelekwa Jamaika mwaka 1761 ilithibitisha kuwa jambo hilo linawezekana. Hata hivyo saa za namna ile zilikuwa ghali mno. Walioufanya ufundi huo uenee ni waliofuata, akiwemo Thomas Earnshaw wa London, aliyerahisisha mtambo hadi ukaweza kutengenezwa kwa wingi. Kronomita yake namba 509, iliyotengenezwa karibu na mwaka 1800, ilikuwa miongoni mwa zile 22.

Nahodha wa Beagle, Robert FitzRoy, alikuwa na bidii isiyo ya kawaida. Serikali ilimpa saa 11 tu. Sita alizileta mwenyewe, nyingine aliazimwa, na mshahara wa Stebbing aliulipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Kila saa ilining'inia ndani ya kisanduku chake kwa pete za shaba, ili meli ikilala upande uso wa saa ubaki sawa. Visanduku vilizikwa katika vumbi la mbao lenye unene wa inchi tatu hivi, chini na pembeni. FitzRoy hakuridhika kuamini tu kwamba mpango huo unafaa. Alinyunyiza unga juu ya vioo vya saa, akautazama kwa kioo cha kukuzia wakati meli ikitikisika, aone kama chembe zitacheza. Hazikucheza.

Kati ya saa hizo hakuna hata moja iliyotazamiwa kuwa sahihi kabisa. Kila saa ina tabia yake: hii hukimbia sekunde mbili kwa siku, ile huchelewa moja. Kinachotakiwa ni kwamba tabia hiyo isibadilike, maana kosa linalojulikana huondolewa kwa hesabu. Ndiyo maana katika kila bandari FitzRoy alishuka pwani na kupima jua kwa kutumia sahani ya zebaki badala ya upeo wa bahari, apate kujua upya mwendo wa kila saa.

Uangalifu huo ulipata mtihani mapema. Mwaka 1832 vipimo vyake kati ya Bahia na Rio de Janeiro, nchini Brazili, vilitofautiana na ramani ya Wafaransa kwa zaidi ya maili nne. Nahodha mwingine angeweza kuliacha jambo hilo lipite. FitzRoy aligeuza meli akarudi Bahia, akapima tena, na saa zake zikashikilia kauli ile ile.

Beagle ilipokamilisha mzunguko wa dunia, kupitia Galapagos, Tahiti, Sydney, Morisi na Rasi ya Tumaini Jema, saa 11 bado zilikuwa zinakwenda vizuri. FitzRoy alipojumlisha tofauti za wakati za hatua zote za safari, ambazo kwa mzunguko mzima zilipaswa kuwa saa 24 kamili, hesabu ilizidi kwa sekunde 33 tu. Ile namba 509 leo imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, ndani ya kisanduku chake cha mbao, ingali ikining'inia kwenye pete za shaba.