Birika Lililotokana na Vioo

Katika Kutoka 38:8 tunasoma kwamba birika la shaba la hema ya kukutania lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Vioo vya zamani hizo vilikuwa vya shaba iliyokatuliwa hadi uso ukaonekana ndani yake. Shaba hufubaa, hivyo kila mwenye kioo alikikatua tena na tena. Wanawake wale walitoa vyombo ambavyo mikono yao ilivihangaikia siku nyingi.

Sisi wajukuu tuliachiwa na bibi yetu sinia la shaba, limejaa masizi na kutu ya kijani. Tulitaka ling'ae siku hiyo hiyo, tukalisugua kwa mchanga. Liling'aa kweli, lakini herufi za jina lake zilizochongwa ukingoni zilifutika, wala hazitarudi. Sehemu iliyobaki tuliikatua kwa ndimu na chumvi kidogo, kwa kitambaa laini, jioni baada ya jioni, tukiosha kwa maji na kukausha. Polepole maua yaliyochongwa katikati yakaonekana, na furaha yetu ilikua pamoja nayo.

Ndugu wapendwa, mara ngapi tumempokea mwenzetu aliyeanguka, tukataka atakate leo leo, tukamsugua kwa maneno makali hadi jina lake likafutika kati yetu? Makuhani walinawa mikono na miguu katika birika lile. Bwana aliagiza litiwe maji, hakuagiza mchanga.